Maswali ya Wasomaji: Kabla Hujavunja Ngazi

Miongoni mwa barua zinazotufikia kuhusu makazi, swali la ngazi za nyumbani limejirudia mara nyingi kwa sura tofauti, na ndiyo sababu safu ya toleo hili tumeitenga kwa ajili yake. Barua tumezifupisha, na majina ya walioziandika hatukuyachapisha.

SWALI: Ndugu Mshauri, mama yetu mzazi ana umri wa miaka 71 na magoti yake yameharibika kwa ugonjwa wa viungo. Chumba chake kipo ghorofani. Ngazi za kuelekea huko zina vipandio 15, ikihesabiwa na sakafu ya juu, kila kimoja kina kimo cha sentimita 20 hivi, na reli ipo upande mmoja tu. Kaka yangu anashikilia kwamba ngazi zote zivunjwe na kujengwa upya ziwe na vipandio vifupi. Mimi naona tumhamishie mama chini, lakini mwenyewe hataki kusikia habari za kuhama. Tumwite fundi mwashi? — Binti wa kwanza

JIBU: Binti wa kwanza, kaka yako hajakosea kuhusu kimo. Mtu anapopanda ngazi, goti hubeba mzigo unaofikia takriban mara 3 ya uzito wa mwili wake, na wakati wa kushuka mzigo huo huzidi kidogo. Kipandio kinapokuwa kirefu, goti hulazimika kukunjwa zaidi likiwa chini ya mzigo huohuo. Hata hivyo, kabla ya kushika nyundo, kaeni chini mpige hesabu. Vipandio 15 vya sentimita 20 vinafanya kimo cha mita 3, na mkitaka kila kipandio kiwe cha sentimita 15, mtahitaji vipandio 20. Kimo nacho hakibadiliki peke yake. François Blondel, mbunifu wa majengo wa Ufaransa katika karne ya 17, aliandika kanuni ambayo mafundi wanaifuata hadi leo: kimo cha kipandio mara mbili, ukijumlisha na kina cha mahali pa kukanyagia, vilingane na hatua moja ya mtu, ambayo siku hizi hukadiriwa kuwa sentimita 60 hadi 64 hivi. Kwa kimo cha sentimita 15, basi, kina kisipungue sentimita 30. Ikiwa ngazi zenu za sasa zina kina cha sentimita 25, zinachukua sakafu yenye urefu wa mita 3.5, hizo mpya zitadai karibu mita 5.7. Nyumba iliyokwisha kujengwa ni nadra kuwa na mita mbili zisizo na kazi mahali hapo, na fundi asiye mwangalifu atapunguza kina ili ngazi zitoshee, kisha mama aanze kushuka kisigino kikiwa kimekanyaga na nusu ya mbele ya unyayo ikielea hewani.

Mimi ningeanza na mkono kabla ya mguu. Mtu mwenye goti bovu huuvuta mwili kwa mkono anapopanda na kuuzuia kwa mkono anaposhuka, na kila uzito unaopita mkononi ni uzito ambao goti limeepushwa nao. Reli yenu ipo upande mmoja: kama mama anaishika kwa mkono wa kulia anapopanda, ataikuta kushoto kwake atakaposhuka, na huenda mkono huo ndio dhaifu, au ndio alioshikia fimbo. Fungeni reli ya pili upande wa ukutani. Iwe ya mviringo, yenye kipenyo cha milimita 32 hadi 50, ili vidole viizunguke barabara. Ubao mpana uliolazwa juu ya ukuta wa pembeni, hata ukipendeza kwa vanishi, haumfai mtu anayeteleza, kwa sababu kiganja huulalia tu bila kuukamata. Viwango vya Marekani huweka reli kati ya sentimita 86 na 96 juu ya ukingo wa kipandio, ikipimwa wima. Ndani ya mipaka hiyo mwenye kuamua awe mama mwenyewe. Asimame kwenye kipandio akiwa amevaa viatu anavyovaa nyumbani, watu wawili wamshikilie bomba ukutani, aseme lipandishwe au lishushwe, ndipo ukuta utobolewe.

Kuna mambo matatu ambayo mafundi huyapuuza. La kwanza ni pengo kati ya reli na ukuta, ambalo lisipungue milimita 38, la sivyo vifundo vya vidole vitasuguliwa na plasta na mama ataacha kuitumia. La pili ni mwisho wa reli. Reli nyingi hukomea kwenye kipandio cha mwisho, ilhali mtu anayeshuka huhitaji kushika kitu mpaka miguu yote miwili ikanyage sakafu, na anayepanda huhitaji reli iliyomtangulia. Iendelezwe sentimita 30 kupita kipandio cha juu, na huku chini ipite kipandio cha mwisho kwa urefu wa kina kimoja. La tatu ni uimara. Kanuni za ujenzi za Marekani zinataka reli ihimili mzigo wa karibu kilo 90 mahali popote na kwa mwelekeo wowote, maana mtu anayeanguka hachagui sehemu ya kuning'inia. Skrubu zilizoshika plasta peke yake zitang'oka siku hiyohiyo reli inapohitajika. Zifike kwenye tofali, zege au nguzo ya mbao. Mkishafunga, pimeni nafasi iliyobaki katikati: kanuni hizohizo huruhusu isipungue sentimita 69 hivi ngazi inapokuwa na reli pande zote mbili, na mama ataipenda nafasi hiyo kwa sababu ataweza kushika kote kwa pamoja.

Baada ya reli, chukueni futi ya kupimia mpime kimo cha kila kipandio, kimoja kimoja, na msiridhike na neno "hivi" uliloliandika. Mtu akishapanda vipandio viwili au vitatu, mguu hukariri kimo na kuanza kunyanyuka kwa kiasi hicho tu, ukipita juu ya ukingo kwa nafasi ndogo mno; kipandio kimoja kikizidi vingine kwa sentimita 2, ncha ya kiatu hugonga. Kanuni nilizozitaja haziruhusu tofauti inayozidi milimita 9.5 kati ya kipandio kirefu kuliko vyote na kifupi kuliko vyote katika ngazi moja. Kasoro hiyo mara nyingi hukaa kwenye kipandio cha kwanza na cha mwisho, kwa sababu ngazi hujengwa kwanza na vigae vya sakafu huja baadaye: vigae vya chini hukifupisha kipandio cha kwanza, na vya juu hukirefusha cha mwisho. Hapo fundi mwashi ana kazi ya kweli, na ni kazi ndogo kuliko kuvunja ngazi zote.

Zulia lililolegea liondolewe, wala lisibanwe kwa misumari. Vigae vinavyong'aa vibandikwe utepe wenye msasa kwenye ukingo wa kila kipandio. Taa iwe na swichi mbili, moja chini na moja juu, ili mtu asilazimike kuvuka giza ndipo aifikie swichi.

Kuhusu kumhamishia chini, namwelewa mama. Kuhamia chini kunafaa pale tu ambapo choo na bafu vipo chini pia, na hata hivyo uamuzi ni wake. Kwa sasa mnaweza kupunguza safari bila kugusa chumba: orodhesheni kinachompandisha na kumshusha kwa siku nzima, iwe dawa, miwani, chaja ya simu au shali, kisha kila kinachowezekana kiwepo kiwili, kimoja juu na kimoja chini.

SWALI: Mshauri, mume wangu alipatwa na kiharusi na upande wake wa kulia umebaki dhaifu. Hospitali wamemruhusu kurudi nyumbani na anatembea kwa fimbo. Ngazini huwa namshika chini ya kwapa la mkono mgonjwa nikimvuta juu, lakini tunaishia kuyumba sote wawili. Nimshikeje? — Mke wa nyumba

JIBU: Pole, dada yangu. Kwanza acha kabisa kumvuta kwa kwapa au kwa mkono ule mgonjwa. Baada ya kiharusi misuli inayolishikilia bega huwa imelegea, na kuvutwa kunaweza kulitegua nusu, yaani mfupa ukashuka kutoka mahali pake, maumivu yakakaa miezi mingi. Omba mkanda mpana wa kiunoni wenye vishikio, ambao wataalamu wa fiziotherapia huutumia; ukikosekana, mkanda imara wa suruali ulioshika vizuri kiunoni ni afadhali kuliko kwapa.

Pili, mahali pa kusimama. Mnapopanda, wewe uwe nyuma yake, kipandio kimoja chini, ukisogea kidogo upande wake dhaifu, mguu wako mmoja ukiwa kwenye kipandio kimoja na wa pili kwenye kingine, mkono mmoja kwenye mkanda na mwingine kwenye reli. Mnaposhuka, uwe mbele yake, bado upande wa chini, ukiwa umegeuka ubavu ili uone unakokanyaga. Daima unakuwa chini yake, kwa kuwa huko ndiko atakakoelekea akianguka. Msihame kwa pamoja: yeye akisogea wewe umetulia, yeye akitulia ndipo usogee, na kuyumba kwenu kwa sasa huenda kunatokana na kuvunja utaratibu huu.

Tatu, mpangilio wa miguu. Anapopanda hutanguliza mguu mzima, ambao ndio wenye nguvu ya kuuinua mwili, kisha mguu mgonjwa na fimbo huufuata kwenye kipandio kilekile. Anaposhuka mambo hugeuka: fimbo na mguu mgonjwa hutangulia, na mguu mzima hubaki juu ukiuteremsha mwili polepole. Miguu yote miwili ikutane kwenye kila kipandio kabla ya kuendelea. Asikimbilie kupishanisha miguu kama zamani. Mkono wake mzima ni wa kushoto, kwa hiyo atahitaji reli kushoto kwake anapopanda na kushoto kwake anaposhuka, na maana yake ni reli pande zote mbili, jambo nililomweleza Binti wa kwanza hapo juu. Reli inapokuwapo upande wa mkono mzima, aitumie hiyo, na fimbo uibebe wewe au iwepo nyingine ikimsubiri upande wa pili.

Kuna jambo moja ambalo hukulitaja na linahitaji kuulizwa kliniki. Baadhi ya waliopatwa na kiharusi hupoteza uwezo wa kuona au kutambua upande mmoja, na mtu wa namna hiyo anaweza kuacha mkono wake ukinaswa kwenye reli au asione kabisa ukingo wa kipandio upande huo. Akiwa hivyo, ngazi zisubiri mpaka mtaalamu amjaribu. Vilevile, ikiwa uzito wake unakushinda akiwa amesimama sakafuni, hautakuwa mwepesi zaidi ngazini. Siku hiyo mwite mtu wa pili.

SWALI: Mimi ni mzee wa miaka 76, miguu yangu haina tatizo kubwa. Shida yangu ni kwamba tangu nipewe miwani mipya, nikishuka ngazi vipandio naviona vimeungana kuwa kitu kimoja. Nifanye nini? — Babu msomaji

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Bila shaka miwani hiyo ni ile yenye lenzi za sehemu mbili, juu ya kuonea mbali na chini ya kusomea. Sehemu ya chini imepimwa kwa ajili ya kitabu kilichopo mkononi, nawe unapoinamisha macho kutazama kipandio unakitazama kwa lenzi hiyohiyo, ilhali kipandio kipo mbali zaidi na kitabu. Ndiyo maana ukingo unapotea. Mwombe mpimaji miwani nyingine ya kuonea mbali tu, uivae unapotembea, na hiyo ya sasa ibaki kwenye kiti unachosomea. Ukiwa hapo, akupime pia kama una mtoto wa jicho, ambaye hufifisha tofauti za rangi bila mtu kugundua mapema.

Wakati ukisubiri, mwambie mjukuu apake mstari wenye upana wa sentimita 5 kwenye ukingo wa kila kipandio, kwa rangi iliyo kinyume cha rangi ya ngazi: nyeupe au njano kwenye zege jeusi, kahawia iliyokolea kwenye mbao nyeupe. Mstari uanzie ukingoni kabisa. Ukipakwa nyuma, katikati ya mahali pa kukanyagia, utakudanganya kwamba ukingo upo pale, na hilo ni baya kuliko kutokuwa na mstari. Rangi isiwe ya kung'aa, kwa sababu hung'arisha macho na huteleza ikilowa.

SWALI: Baba yetu amepoteza nguvu za miguu na watoto tumekubaliana kumnunulia kiti cha umeme kinachopanda ngazi kwa reli. Ngazi zetu zina kona moja. Kuna jambo la kuzingatia kabla hatujalipa? — Kitinda mimba

JIBU: Yapo, na swali la kwanza halihusu ngazi bali linamhusu baba: je, anaweza kukaa kitini na kusimama kutoka kitini bila kubebwa, na anaweza kukaa wima bila kuegemea mtu mpaka safari iishe? Kiti hiki kinamfaa mtu anayetembea kidogo lakini hawezi kupanda. Mtu ambaye kila kuhama kwake kunahitaji watu wawili atakuwa anabebwa mara mbili, mara ya pili ikiwa juu ya ngazi, mahali pabaya kuliko pote. Kwake yeye kifaa kinachofaa ni jukwaa linalopanda na kiti chake cha magurudumu, au lifti ndogo inayopenya kwenye sakafu ya ghorofa ikiwa jengo linaruhusu. Ugonjwa unaoendelea kumdhoofisha mtu unahitaji mtazamo huohuo: nunueni kwa kuzingatia hali atakayokuwa nayo baadaye.

Watu wengi hudhani reli ya kiti hicho hufungwa ukutani. La, hufungwa kwenye vipandio vyenyewe kwa miguu ya chuma, kwa hiyo ukuta dhaifu si kikwazo, ila vipandio vya mbao iliyooza ni kikwazo kikubwa. Kona mliyonayo ina uzito katika bei. Reli ya ngazi iliyonyooka hukatwa tu kwa urefu, na inaweza kufunguliwa na kuuzwa ikawafaa wengine. Reli ya ngazi yenye kona hupindwa kwa vipimo vya nyumba yenu, na haiwezi kuhamia nyumba nyingine. Kama ngazi zina kituo kipana kwenye kona, muulizeni muuzaji kuhusu viti viwili vya reli iliyonyooka, kimoja kwa kila kipande, ingawa hapo baba atalazimika kuhama kiti katikati ya safari, na mimi nisingempendekezea mtu mwenye miguu dhaifu kama unavyoieleza.

Hakikisheni kiti kinatumia betri zinazochajiwa zikiwa mahali pake, maana hapo umeme ukikatika baba hatakwama katikati. Kiti kiweze kugeuzwa kikifika juu, ili ashuke akiielekea sakafu ya ghorofa na si mdomo wa ngazi. Uzito unaoruhusiwa usomwe kwenye kibandiko cha kifaa, na mfano wa baba kukaa ufanyike kabla ya malipo, magoti yake yakipimwa dhidi ya ukuta wa pili. Kiti kilichokunjwa bado kinachukua nafasi, na wengine nyumbani wanapita hapohapo wakiwa na ndoo na watoto mgongoni.

SWALI: Mlango wetu wa mbele una vipandio vitatu vya sentimita 17. Bibi anatumia fremu ya kutembelea yenye miguu minne, na shemeji yangu aliyekatwa mguu hututembelea akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Fundi anataka kuvunja vipandio na kumwaga zege la mteremko wa mita 2. Je, inatosha? — Mjukuu

JIBU: Haitoshi. Vipandio vyenu vina jumla ya kimo cha sentimita 51. Kipimo kinachokubalika katika nchi nyingi ni kwamba kila sentimita 1 ya kupanda idai sentimita 12 za urefu, hivyo mteremko wenu uwe na urefu wa zaidi kidogo ya mita 6. Ule wa mita 2 ni mkali mara tatu: shemeji hataweza kuusukuma mwenyewe, na atakayemsukuma ataelemewa wakati wa kumteremsha. Mita 6 zikikosekana kwa mstari mmoja, mteremko unaweza kukunjwa ukaambaa na ukuta, mradi mahali pa kugeukia pawe tambarare, pasipungue mita 1.5. Mbele ya mlango napo paachwe tambarare, maana hakuna awezaye kufungua kitasa huku anashikilia magurudumu yasirudi nyuma. Pembeni mwa mteremko ujengwe ukingo wa kuzuia magurudumu yasichomoke, na uso wa zege usuguliwe kwa ufagio kabla haujakauka ili usiteleze.

Vipandio navyo msiviondoe kabisa. Bibi huenda akaona mteremko ni mgumu kuliko ngazi, hasa wa kushuka, kwa kuwa fremu hutaka kutangulia na vifundo vya miguu vilivyokakamaa havikunjiki kufuata mwinuko. Kinachomfaa ni vipandio vifupi na vyenye kina kikubwa, mahali ambapo miguu yote minne ya fremu inakaa pamoja na miguu yake mwenyewe kabla ya kuinua tena. Pimeni fremu yake kutoka mguu wa mbele hadi kisigino cha bibi akiwa amesimama ndani yake, na kipimo hicho ndicho kina cha kila kipandio. Kimo kikishushwa hadi sentimita 10 hivi, vipandio vitatu vitakuwa vitano. Nafasi ikitosha kujenga kimoja tu kati ya viwili, jengeni mteremko wa mita 6 wenye reli pande zote, ila kwanza bibi ajaribishwe kwenye mteremko wa aina hiyo mahali pengine kabla fundi hajaanza kuchanganya saruji.